Maswali ya Wasomaji: Kiendeshi cha Mtandao Ndani ya Mashine Pepe

Safu hii imezoea maswali ya simu zilizoingia maji na printa zisizokubali kuchapa, na tutaendelea kuyajibu. Msimu huu, hata hivyo, zimenifikia hapa Mtwara barua kadhaa za watu wanaoandika viendeshi vyao wenyewe (programu zinazoongoza vifaa) ndani ya kerneli, yaani ule moyo wa mfumo wa uendeshaji unaosimamia kumbukumbu, prosesa na vifaa. Nimefurahi mno, kwa kuwa kwa miaka mingi tumeyachukulia mambo haya kuwa ya watu wa mbali. Barua zote zinahusu mashine pepe, ile kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, na karibu zote, ukizichimba, zinauliza jambo moja: kipande hiki cha kumbukumbu, kwa dakika hii, kimo mikononi mwa nani? Katika majibu yangu kompyuta halisi nitaiita mwenyeji, na mashine pepe iliyomo ndani yake nitaiita mgeni.

Kadi halisi mbona ndiyo inayochelewa?

*Shikamoo Mwalimu. Ofisini kwetu Mikindani tuna kompyuta moja yenye mashine pepe mbili zinazoendeshwa na QEMU. Ya kwanza imewekewa kadi ya mtandao ya e1000 na ya pili imewekewa virtio. Tukinakili faili kubwa, ya kwanza hujivuta na prosesa ya mwenyeji huelemewa, ilhali ya pili hupita bila shida. Nilidhani e1000 ingekuwa bora kwa sababu ni kadi halisi ya Intel. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Kadi ya e1000 ni halisi pale inapokuwa kipande cha chuma na silikoni kilichochomekwa kwenye ubao wa kompyuta. Ndani ya QEMU hakuna kadi. Kuna programu inayoigiza kadi ya Intel 82540EM, rejista kwa rejista (rejista ni vile visanduku vidogo vya namba ambavyo kadi huamrishwa kupitia), na kiendeshi kilichomo ndani ya mgeni hakijui kwamba kinazungumza na mwigizaji. Kila kinapoandika kwenye rejista mojawapo, prosesa hulazimika kumwacha mgeni, kurudi kwa mwenyeji, kuipa QEMU nafasi ya kusoma kilichoandikwa na kutenda kama ambavyo kadi ingetenda, kisha kumrudia mgeni palepale alipoachwa. Safari moja ya namna hiyo hula zaidi ya mizunguko elfu moja ya prosesa. Pakiti zikiwa nyingi, safari nazo huwa nyingi, kwa sababu hata kupokea ishara ya kukatiza kazi kunamlazimu mgeni asome rejista ili ajue kadi inataka nini.

virtio iliachana na uigizaji huo. Rusty Russell, mwandishi wa kerneli kutoka Australia, ndiye aliyeianzisha, nayo ikaingia katika Linux 2.6.24 iliyotoka Januari 2008, karibu mwaka mmoja baada ya KVM, sehemu ya kerneli inayoendesha mashine pepe kwa msaada wa prosesa, kuingia katika 2.6.20. Wazo lake lilikuwa mgeni aambiwe ukweli kwamba yumo ndani ya mashine pepe, kisha yeye na mwenyeji wakubaliane namna ya kukabidhiana mizigo bila kuiga kadi yoyote iliyowahi kutengenezwa kiwandani.

Sisi wa kusini hatuhitaji mfano wa mbali. Mkulima akishapima korosho zake kwenye chama cha msingi, magunia huenda ghala kuu yakakaa huko, na kinachofika mnadani ni karatasi inayosema kiasi gani, daraja gani, ghala lipi. Magunia hayazungushwi. Katika virtio pia pakiti hukaa palepale ilipoandikwa ndani ya kumbukumbu ya mgeni, na kinachokabidhiwa ni deskripta, stakabadhi yenye baiti 16 tu: baiti 8 za anwani ya mzigo, 4 za urefu wake, 2 za bendera (alama za ndiyo au hapana), na 2 za namba ya deskripta inayofuata endapo mzigo umegawanywa vipande. Deskripta hukaa kwenye jedwali moja, na pembeni mwa jedwali kuna orodha mbili za duara. Ya kwanza nitaiita duara la kupeleka, ambamo kiendeshi huandika namba za deskripta kinazokikabidhi kifaa, yaani ile programu ya upande wa mwenyeji. Ya pili nitaiita duara la kurudisha, ambamo kifaa huandika namba za deskripta kilizokwisha kuzishughulikia. Kiendeshi kinaweza kupanga pakiti ishirini kisha kikabisha hodi mara moja tu, na ikiwa kifaa bado kiko kazini, hakina haja ya kubisha kabisa.

Usidhani kwamba e1000 haina maduara. Inayo, tena yamepangwa vizuri kwa ajili ya kadi ya chuma; tofauti iko kwenye hesabu ya safari kati ya mgeni na mwenyeji. Tangu Linux 2.6.34, ya mwaka 2010, safari hizo zilipunguzwa gharama zaidi kwa vhost-net, ambayo huifanya kazi ya upande wa mwenyeji ndani ya kerneli yake, bila kuisumbua QEMU kwa kila pakiti.

Ibadilishe mashine ya kwanza itumie virtio. Ndani ya mgeni, amri ya `lspci -n` itakuonyesha kifaa chenye namba 1af4:1000 au 1af4:1041. Chenye namba ya kwanza hukubali na mtindo wa zamani, chenye namba ya pili hufuata toleo la 1.0 na yaliyolifuata pekee. Ikiwa mgeni huyo ni Windows, weka viendeshi vya virtio kabla hujabadilisha kadi, kwa kuwa Windows haiji navyo.

Tovuti zinafunguka lakini ping haifiki

*Mwalimu, mimi niko Nachingwea. Mashine yangu pepe imepata anwani 10.0.2.15. Kurasa za intaneti zinafunguka, lakini nikifanya ping ya anwani yoyote ya nje sipati jibu. Je, kiendeshi ni kibovu?*

Kiendeshi chako ni kizima. QEMU isipopewa maelekezo mengine humwekea mgeni mtandao wa ndani ambamo yenyewe hujifanya ruta kwa anwani 10.0.2.2 na seva ya majina kwa anwani 10.0.2.3. Mgeni akifungua muunganisho wa TCP au akituma UDP, njia mbili za kawaida za kusafirisha data, QEMU hufungua mwingine kwa niaba yake, ikiwa na ruhusa za programu ya kawaida tu. Ping hutumia ICMP, aina nyingine ya ujumbe, na mara nyingi programu ya kawaida hairuhusiwi kutuma ICMP. Jaribu ping ya 10.0.2.2, ikijibu, ujue pakiti zinatoka na kuingia. Ukitaka ping ya nje, tumia kiolesura cha tap (kadi ya mtandao ya kuundwa na programu ndani ya mwenyeji) kilichounganishwa kwenye daraja la mtandao la mwenyeji.

Pakiti 256, kisha kimya

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Mtwara. Nimeandika kerneli yangu ndogo na kiendeshi cha virtio cha mtandao. Kinatuma vizuri, kisha kinanyamaza. Hakuna ujumbe wa kosa. Nimehesabu mara nne, na kila mara kinanyamaza baada ya pakiti 256. Nisaidie.*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuhesabu. Wengi huniandikia kwamba kiendeshi "kinakwama baada ya muda", na muda hauniambii kitu. Namba 256 inaniambia karibu kila kitu, kwa sababu ndiyo idadi ya deskripta ambayo QEMU huipa foleni moja (jedwali pamoja na maduara yake mawili) ya kadi ya virtio isipoambiwa vingine.

Unazitumia deskripta bila kuzichukua tena. Kifaa kikishaisoma pakiti, huandika namba ya deskripta yake kwenye duara la kurudisha na kuongeza kihesabio chake, lakini hakiirudishi deskripta hiyo kwenye orodha yako ya zilizo huru. Hiyo ni kazi yako. Kabla ya kila kutuma, au unapopata ishara ya kukatiza kazi, pitia duara la kurudisha, chukua kila namba iliyoandikwa humo, achilia bafa yake (kipande cha kumbukumbu kilichobeba pakiti), na uiweke deskripta kwenye orodha ya zilizo huru. Nadhani pia kwamba kipengele chako cha kutafuta deskripta huru hurudisha jibu la "hakuna", nawe hukulikagua, ndiyo maana kosa limepita kimyakimya. Likague leo hii, na deskripta zikiisha, iambie sehemu ya juu ya mtandao isubiri.

Upande wa kupokea kosa lilelile huja kwa sura nyingine. Huko kiendeshi ndicho kinachopeleka mabafa matupu, na kifaa huyarudisha yakiwa na pakiti ndani. Usipopeleka matupu mengine badala ya yale uliyoyatoa, kifaa hukosa pa kuweka pakiti zinazofika na huzitupa.

Nakutahadharisha na mtego wa pili, ambao utaufikia ukishautoka huu. Vihesabio vya maduara ni vya biti 16 na havirudi sifuri vikifika 256. Huenda moja kwa moja hadi 65535, ndipo vikarudi 0, na nafasi ndani ya duara hupatikana kwa kugawa kihesabio kwa 256 na kuchukua baki. Kwa hiyo weka kumbukumbu ya mahali ulipoishia katika namba ya biti 16 isiyo na alama ya hasi, na uulize kama kihesabio cha kifaa *hakilingani* na chako. Ukiuliza kama ni kikubwa kuliko chako, programu itakwenda salama hadi kihesabio kiruke kutoka 65535 kwenda 0, na hapo sifuri itaonekana ndogo kuliko 65535, nawe utasubiri pakiti ambazo zimekwisha kurudi.

Kinafanya kazi kwenye Intel, kinaharibika kwenye ARM

*Asalamu alaykum Mwalimu. Ninaandika kutoka Lindi. Kiendeshi changu cha virtio kinaenda vizuri kwenye laptopu yangu ya Intel, siku nzima bila kosa. Nimekihamishia kwenye Raspberry Pi 4, ule ubao mdogo wenye prosesa ya ARM, ndani ya KVM, nikiwa nimewasha vhost. Huko, mara moja katika pakiti elfu kadhaa, inatoka pakiti ambayo ni nakala ya nyingine iliyotumwa zamani. Nikiongeza mstari wa kuchapa ujumbe ili nione kinachotokea, kosa linatoweka. Nikiuondoa, linarudi. Nimebadilisha kompaila, programu inayotafsiri msimbo wangu, mara mbili. Je, ubao ni mbovu?*

Waalaykumu salaam. Ubao ni mzima, kompaila ni nzima, na kosa lako lipo kwenye laptopu pia, ila huko halionekani. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu kosa hili liliwahi kuninyima usingizi usiku tatu mfululizo nyumbani Shangani, na siku hizo sikuwa na mtu wa kumwuliza.

Unapotuma pakiti, kiendeshi chako huandika vitu vitatu kwenye kumbukumbu. Huandika deskripta, yaani anwani na urefu wa mzigo. Kisha huandika namba ya deskripta hiyo kwenye nafasi inayofuata ya duara la kupeleka. Mwisho huongeza kihesabio cha duara. Kihesabio ndicho tangazo. Kifaa, ambacho kwako ni uzi (mkondo mmoja wa kazi) wa vhost unaokimbia kwenye prosesa nyingine ya ubao uleule, kinaweza kuwa macho wakati huo kikimalizia pakiti za nyuma, na mara kinapoona kihesabio kimepanda, huisoma nafasi na deskripta bila kungoja hodi yako.

Katika msimbo wako mambo hayo matatu yamepangwa sawasawa. Prosesa ya ARM, hata hivyo, haikuahidi kwamba prosesa nyingine zitayaona kwa mpangilio huo. Imeahidi tu kwamba uzi wenyewe ulioyaandika utayaona hivyo. Inaruhusiwa kuitangulia deskripta na kukitoa kihesabio kwanza, kwa mfano kwa sababu kipande cha kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) chenye kihesabio kilikuwa tayari na kile chenye deskripta bado. Ni sawa na stakabadhi kubandikwa mnadani kabla gunia halijafika ghalani. Mnunuzi anakwenda na karatasi yake mkononi, anakuta kwenye nafasi ile gunia la msimu uliopita, naye analibeba. Hiyo ndiyo nakala ya pakiti ya zamani unayoiona, maana deskripta zako hutumika tena na tena, na ile iliyosomwa mapema ilikuwa bado ina anwani na urefu wa safari iliyopita.

Prosesa za Intel na AMD zina masharti makali zaidi: maandishi ya prosesa moja huonekana kwa wengine kwa mpangilio ulioandikwa. Kwa hiyo, mradi kompaila isipange upya mistari yako, laptopu ilikufichia kosa. Hata ukiiga ARM ndani ya QEMU kwenye laptopu hiyo hiyo, kuna uwezekano mkubwa kwamba hutaliona, kwa sababu prosesa inayofanya kazi bado ni ya Intel. Nao mstari wa kuchapa ulikuponya kwa bahati, kwa kuwa kuchapa huchelewesha kazi na hupitia kufuli zenye vizuizi vya kumbukumbu ndani yake, yaani maagizo yanayoilazimisha prosesa ionyeshe ya kabla ndipo iende ya baada, na hivyo ukaazima kizuizi ambacho hukukiweka.

Dawa ni kukiweka mwenyewe. Baada ya kuandika deskripta na nafasi ya duara, kabla ya kuongeza kihesabio, weka kizuizi cha uandishi. Katika Linux kiendeshi cha virtio huita `virtio_wmb`; katika kerneli yako mwenyewe kwenye ARM ya biti 64, agizo la `dmb ishst` linatosha kwa mgeni wa namna hii. Upande wa kurudisha, ukishasoma kihesabio cha kifaa, weka kizuizi cha usomaji kabla ya kuisoma nafasi yenyewe, la sivyo utakuwa umeamini tangazo jipya na kusoma mzigo wa zamani, kosa lilelile likiwa limegeuzwa. Neno `volatile` peke yake halikusaidii hapa. Humzuia kompaila, lakini prosesa hailijui.

Kuna na mahali pa tatu, ambapo hata laptopu ya Intel hukosea, na ninakuomba upasome polepole. Ukishaongeza kihesabio, kiendeshi husoma bendera ya kifaa ili kijue kama kinataka kubishiwa hodi. Kifaa nacho, kabla ya kulala, huandika "nibishie hodi", kisha hukisoma kihesabio chako mara ya mwisho. Kila mmoja anaandika chake na kusoma cha mwenzake. Prosesa za Intel huhifadhi mpangilio wa maandishi kwa maandishi, lakini huruhusu usomaji wa baadaye utangulie maandishi ya kabla yake. Basi inawezekana kiendeshi kikasoma bendera ya zamani kabla kihesabio chake hakijaonekana, na kifaa kikasoma kihesabio cha zamani kabla bendera yake haijaonekana. Kiendeshi kinaamini kwamba kifaa kiko macho. Kifaa kinaamini kwamba hakuna mzigo. Wote wawili wanakaa, na pakiti inabaki ghalani hadi pakiti nyingine ije kukiamsha kifaa.

Dalili yake niliiona kwa macho yangu usiku wa tatu. Ping ya kila sekunde moja, ambayo kwa kawaida hurudi chini ya milisekunde moja, ghafla huonyesha 1001, kisha 1000, kisha 1002. Kila jibu lilikuwa linaletwa na ombi lililolifuata. Ukiona milisekunde zinazokaribia mno muda wa kati ya ping mbili, usiende kutafuta kebo mbovu. Tafuta kizuizi kamili kinachokosekana kati ya kuandika kihesabio na kusoma bendera. Kwenye Intel ni `mfence` au agizo lenye kufuli, na kwenye ARM ni `dmb ish`.

Nikuongezee moja ambalo waandishi wazuri pia hulisahau. Ndani ya kerneli ya Linux vipo vizuizi ambavyo hugeuka kuwa kizuizi cha kompaila tu endapo kerneli imejengwa kwa prosesa moja, kwa hoja kwamba prosesa moja haiwezi kujipishanisha na yenyewe. Mgeni wako anaweza kuwa na prosesa moja, lakini mwenyeji anazo nne, na kifaa kinakimbia kwenye mojawapo ya hizo. Ndiyo sababu virtio ina vizuizi vyake, ambavyo havilegezwi hata mgeni akiwa na prosesa moja. Ukiiga msimbo wa viendeshi vingine bila kulitazama hili, utalirudisha kosa ulilokwisha kulitibu.

Hesabu ya ukaguzi inasemwa ni mbaya

*Mwalimu, salaam kutoka Masasi. Mimi ni mama ninayesimamia kompyuta za chama chetu cha ushirika. Nikiendesha tcpdump, programu ya kutazama pakiti, ndani ya mashine pepe, karibu kila pakiti inayotoka inaandikiwa kwamba hesabu yake ya ukaguzi si sahihi, lakini kazi zinakwenda. Shida ya pili, ambayo sijui kama inahusiana: mashine pepe moja ya zamani haipati anwani kutoka kwa seva yetu ya DHCP (ile inayogawa anwani), ambayo nayo ni mashine pepe kwenye kompyuta hiyohiyo. Mashine za nje zinapata.*

Salaam, mama, na zinahusiana kabisa. Umeziandika pamoja kwa hisia nzuri ya kazi.

Kila pakiti ya TCP au UDP hubeba hesabu ya ukaguzi, namba ya biti 16 inayopatikana kwa kujumlisha yaliyomo, ili mpokeaji ajue kama kuna kilichoharibika njiani. Kuijumlisha kunachukua muda wa prosesa, kwa hiyo kadi nyingi huifanya zenyewe. virtio huleta ruhusa hiyo ndani ya mashine pepe: mwanzoni kabisa kiendeshi na kifaa hupatana kwa biti za uwezo, na biti 0 ikikubaliwa, mgeni anaruhusiwa kutuma pakiti ambayo hesabu yake haijakamilika. Mbele ya pakiti huwekwa kichwa cha virtio, chenye baiti 12 katika toleo la 1.0, kinachosema kwamba hesabu bado, ianzie baiti ipi, na jibu liandikwe wapi. tcpdump husimama kabla ya hatua hiyo. Inaiona pakiti kabla hesabu haijafanywa na inasema kweli kwamba si sahihi. Ukitaka kujua kilichosafiri, pima kwenye mashine nyingine inayopokea kupitia waya. Kupima kwenye kadi ya mwenyeji hakutoshi, kwa kuwa kadi hiyo nayo huenda inajumlisha yenyewe baada ya tcpdump kutazama.

Sasa shida ya DHCP. Pakiti inayotoka kwa mgeni mmoja kwenda kwa mgeni mwingine ndani ya mwenyeji mmoja haigusi waya, kwa hiyo hakuna mahali ambapo mtu analazimika kuimalizia hesabu. Hupokelewa bado ikiwa na alama kwamba hesabu haijakamilika, na kerneli ya mpokeaji huiamini, kwa haki, kwa sababu haikupita mahali pa kuharibika. Lakini mteja wa DHCP hana anwani bado, hivyo husoma pakiti ghafi moja kwa moja, na wateja wa zamani huijumlisha hesabu wenyewe, hukuta hailingani, na huitupa pakiti. Mashine za nje hupata anwani kwa kuwa pakiti zao zilipita kwenye kadi halisi, ikazikamilishia hesabu.

Dawa iliyo bora ni kusasisha programu ya mteja wa DHCP ndani ya ile mashine ya zamani, kwa sababu wateja wapya huiuliza kerneli kama hesabu imekamilika kabla ya kuihukumu pakiti. Isipowezekana, ndani ya ile seva ya DHCP zima ujumlishaji wa kadi kwa amri ya `ethtool -K eth0 tx off`, ukiweka jina la kiolesura chako badala ya eth0. Seva itajumlisha yenyewe kila pakiti, na kwa kazi ya kugawa anwani hutaona uzito wowote. Nisingeizima kwenye mashine zote, kwani pamoja nayo huondoka ruhusa ya kutuma furushi kubwa la TCP la karibu kilobaiti 64 kwa mkupuo mmoja, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kasi mnayoifaidi.

Nianzie wapi, nami laptopu yangu ni ya zamani?

*Shikamoo Mwalimu. Niko Newala. Nataka kujifunza kuandika viendeshi, lakini laptopu yangu ni ya zamani, haina msaada wa mashine pepe kwenye prosesa, na intaneti ni ya kuunga bando. Inawezekana?*

Marahaba. Inawezekana. QEMU haihitaji msaada wa prosesa ili ifanye kazi. Msaada huo ni wa KVM. Bila huo QEMU hutafsiri maagizo yenyewe, polepole, na kwa kerneli ndogo hutaudhika.

Chukua xv6, kerneli ya kufundishia ya chuo cha MIT, toleo la prosesa za RISC-V. Ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuisoma yote, na ukishaipakua pamoja na QEMU na kompaila yake, unafanya kazi bila intaneti. Katika mazoezi ya kozi yao limo la mtandao, ambapo maduara ya kadi ya e1000 yamekwisha kuandaliwa, kila moja likiwa na nafasi 16, nawe kwa upande wa kadi unaachiwa vipengele viwili: cha kutuma na cha kupokea. Nimemwambia msomaji wa Mikindani aache e1000, na wewe nakwambia uanze nayo. Yeye anataka kasi; wewe unataka kuona kila hatua, na rejista zake zimeelezwa moja moja katika mwongozo wa Intel.

Anza na kutuma. Soma rejista ya mkia ili ujue nafasi inayofuata, kisha itazame deskripta iliyopo hapo. Kama biti ya DD, inayosema kwamba kadi imemaliza, haijawashwa, duara limejaa, rudisha kosa na uishie hapo. Ikiwa imewashwa, achilia bafa ya pakiti ya zamani iliyokuwa kwenye nafasi hiyo, na usiiachilie kabla ya hapo, hata kama kipengele chako cha kutuma kilikwisha kurudi kwa aliyekiita. Hadi DD iwake, bafa hiyo ni ya kadi. Jaza anwani na urefu mpya, ndipo usogeze mkia. Zoezi hilo huhifadhi pakiti zilizopita kwenye faili iitwayo packets.pcap, ambayo utaifungua kwa `tcpdump -r`. Ukiikuta pakiti yako humo ikiwa na baiti ambazo hukuziandika, rudi kwenye mstari ulioachilia bafa na uangalie kama uliitazama DD kwanza.